Kumtembelea mfugaji wa nyuki Nairobi: mwongozo wa ziara ya kwanza

Mkazi wa Nairobi anapopata hamu ya kufuga nyuki, mara nyingi safari yake huanzia kwa seremala. Ananunua mzinga, anauning'iniza nyuma ya nyumba, na baada ya hapo ndipo anaanza kuuliza maswali. Mwongozo huu unapendekeza kinyume chake. Kabla ya kutumia pesa yoyote, mtembelee mtu anayefuga nyuki kwa kupenda tu, mwenye mizinga michache katika shamba dogo la Karen, Ngong, Rongai, Kitengela au Kiambu, ukajifunze kwake kwa macho na masikio. Mfugaji wa aina hii anakufaa kuliko mwenye mamia ya mizinga, kwa kuwa anaijua historia ya kila mzinga wake, hana haraka ya kurina na kuuza, na matatizo yanayomkabili, yaani majirani, mbwa, watoto wanaopita njiani na nafasi finyu, ndiyo yatakayokukabili wewe.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya hatua yoyote, kwa sababu ndilo linaloamua saa ya kwenda, nguo za kuvaa na mahali pa kusimama. Nyuki wa Nairobi na nyanda zinazoizunguka ni nyuki wa Kiafrika wa savana, ambaye wanasayansi humwita Apis mellifera scutellata. Huyu si yule unayemwona katika video za Ulaya na Marekani, ambako mzee aliyevaa kaptura hufungua mzinga saa sita mchana bila glavu huku akisimulia habari za bustani yake. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki wa Kiafrika nchini Brazili ili kuboresha uzalishaji wa asali huko. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya waliokuwako, na kufikia mwaka 1990 uzao wao ulikuwa umeingia Texas, ambako magazeti yaliwaita nyuki wauaji. Kwetu sisi hao ndio nyuki wa kila siku. Wazee wa Ukambani wamewafuga katika mizinga ya magogo tangu enzi za mababu bila kuwapa jina la kutisha, ingawa pia hawakuwa na desturi ya kuwachokoza saa sita mchana.

Hatua ya 1: Mpate mwenyeji, umwombe ipasavyo

Pa kuanzia ni Taasisi ya Kitaifa ya Ufugaji Nyuki iliyoko Lenana, ambako maofisa wanawafahamu wafugaji wengi wa jiji na viunga vyake. Ofisi za mifugo za kaunti pia zinaweza kukuelekeza. Njia nyingine, ambayo watu huisahau, ni kumuuliza anayekuuzia asali mizinga yake iko wapi. Akijibu bila kusita na kukueleza ni miti gani iliyochanua mwezi huo, huenda umempata mtu wako. Akianza kuzungukazunguka, basi yeye ni mchuuzi, na si vibaya, ila hana cha kukufundisha kuhusu mizinga.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na wa heshima, kwa mfano: "Habari za leo, mzee. Nimeelekezwa kwako na ofisa wa mifugo. Naishi Rongai na ningependa kujifunza ufugaji wa nyuki kabla sijanunua mzinga. Naomba, ukipata nafasi, nije mimi na mwenzangu mmoja tuitazame mizinga yako. Hatujawahi kupata mzio wa nyuki, lakini hatuna mavazi ya kujikinga." Ujumbe huu unamwambia mwenyeji mambo manne anayohitaji kuyajua: nani amekutuma, mnakuja wangapi, afya yenu ikoje na anapaswa kuazima mavazi mangapi. Wageni wawili wanatosha. Watoto waachwe nyumbani katika ziara hii ya kwanza, hata kama wanasisitiza.

Si desturi yetu kwenda kwa mtu mikono mitupu. Sukari na majani ya chai hayakataliwi popote, lakini mfugaji wa nyuki atafurahia zaidi mitungi ya kioo iliyooshwa vizuri, ikakaushwa na kuwa na vifuniko vyake, kwa maana vyombo humwishia kila msimu.

Hatua ya 2: Jipime afya kabla ya kuthibitisha siku

Aliyewahi kudungwa na nyuki akavimba mahali pengine mbali na alipodungwa, akakosa pumzi, akatokwa na vipele mwili mzima au akazimia, asiende karibu na mzinga kabla ya kumwona daktari. Hakuna mavazi yanayozuia kila mwiba. Anayetumia dawa za presha au za moyo naye amuulize daktari wake, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hufanya iwe vigumu kutibu mshtuko wa mzio ukitokea. Asiyewahi kudungwa kabisa hajui mwili wake utafanyaje, kwa hiyo amweleze mwenyeji hivyo waziwazi. Kabla ya kuondoka nyumbani, jua hospitali iliyo karibu na shamba hilo ni ipi, na hakikisha kuna gari la kuwafikisha huko bila kusubiri matatu barabarani.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Nyuki mwenye kazi nyingi hana muda wa ugomvi, na kazi yake inategemea maua, ambayo nayo hutegemea mvua. Katika Nairobi mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati yake kuna baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti, na jua kali la Januari na Februari. Siku nzuri ya ziara ya kwanza ni ile kavu, yenye jua, inayokuja wiki chache baada ya mvua kuanza, wakati migunga, mikaratusi na miti ya matunda inapochanua. Mvua ikinyesha siku hiyo, au kukiwa na upepo mkali, ahirisha bila kuona haya. Kundi lililofungiwa ndani na mvua huwa na hasira, na mwenyeji mzoefu atakuwa ameshafikiria kukupigia simu.

Kuhusu saa, vitabu vya Ulaya hushauri mzinga ufunguliwe katikati ya mchana, wakati nyuki wengi wamekwenda malishoni. Ushauri huo una maana kwa nyuki wa kule. Hapa, ambapo kundi moja lililokasirika linaweza kumfukuza mtu kwa mamia ya mita na kumshambulia mbuzi aliyefungwa kambani kwa jirani, mizinga iliyo karibu na makazi hufunguliwa jioni. Utaratibu unaofaa ni kufika saa tisa alasiri, kutazama mizinga kwa nje jua lingali juu, kisha kuufungua mmoja tu kuanzia saa kumi na moja. Jua la Nairobi hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza likiingia nyuki hawaruki mbali, hivyo mzinga hupata usiku kucha wa kutulia kabla ya watu kutoka asubuhi. Kazi ikichelewa, tumia tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu ya plastiki, kwa sababu nyuki hawaoni rangi nyekundu, ilhali mwanga mweupe huwavuta moja kwa moja usoni pa aliyeushika.

Mwenyeji akipendekeza mfungue mzinga saa tano asubuhi katika ploti iliyozungukwa na nyumba, mshukuru na utafute mwenyeji mwingine.

Hatua ya 4: Vaa kama mtu anayejua anakokwenda

Rangi iwe nyeupe au hafifu, kwani nyuki hushambulia zaidi vitu vyeusi na vyenye manyoya, pengine kwa kuwa maadui wao wa asili, akiwemo nyegere, wana rangi hizo. Chini ya ovaroli ya nyuki vaa suruali nzito na shati la mikono mirefu, kwa sababu mwiba hupenya kitambaa kimoja kilichobana ngozi, hasa mabegani na magotini unapochuchumaa. Buti za mpira ziwe juu ya soksi nene, na miguu ya ovaroli ifungwe juu ya buti au ibanwe kwa mpira. Kofia yenye wavu ikae mbali na pua na masikio. Kagua zipu yote ya shingoni kwa vidole, kisha mwombe mwenzako aikague tena, kwa maana nyuki mmoja aliyeingia ndani ya wavu humchanganya mtu kuliko mia walio nje.

Usijipake manukato wala mafuta yenye harufu kali siku hiyo. Usile ndizi kabla ya kwenda. Hilo si ushirikina: harufu ambayo nyuki huitoa anapodunga, ili kuwaita wenzake, ina kemikali ile ile inayozipa ndizi mbivu harufu yake.

Hatua ya 5: Simama kando ya mzinga nusu saa

Wageni wengi huiharakisha hatua hii, nami naiona kuwa yenye mafunzo mengi kuliko kufungua kwenyewe, kwani mzinga wako utaufungua mara chache kwa mwaka lakini utautazama mlangoni karibu kila siku. Mwombe mwenyeji akuonyeshe pa kusimama, pawe ubavuni au nyuma ya mzinga, umbali wa mita kadhaa, na kamwe pasiwe mbele ya mlango, katika njia wanayorukia. Vaa mavazi kamili hata hapa. Zungumza kwa sauti ya kawaida, usigonge mzinga, na usiukaribie ili usikilize.

Anza kwa kutazama miguu ya nyuki wanaorudi. Vidonge vya manjano, vyeupe au vya rangi ya machungwa vilivyobandikwa kwenye miguu ya nyuma ni chavua, yaani unga wa maua, ambayo ni chakula cha majana, yaani watoto wa nyuki. Kundi linaloingiza chavua nyingi kwa kawaida lina malkia anayetaga. Kisha tazama namna wanavyotua: anayetua kwa uzito, tumbo limening'inia, amebeba mbochi, yaani maji matamu ya maua, au maji ya kawaida. Wale waliosimama mlangoni wakipeperusha mabawa bila kuondoka wanaendesha hewa, kwa sababu sehemu ya majana hutakiwa kukaa kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35, na mbochi unahitaji kupunguzwa maji ili uwe asali. Nyuki mnene mwenye macho makubwa na mlio mzito ni dume. Hana mwiba, na kuwapo kwake kunaonyesha kuwa kundi lina chakula cha kutosha kulisha wasiofanya kazi.

Zipo pia ishara mbaya, nazo ndizo za kumuuliza mwenyeji kwa undani. Nyuki wanaopigana mlangoni na kubingirishana huenda wanavamiwa na wezi kutoka mzinga mwingine. Ndevu za nyuki zilizoning'inia nje ya mzinga hadi jioni ni dalili ya joto au msongamano, na msongamano ukiendelea sehemu ya kundi itaondoka na malkia. Msururu wa siafu kwenye nguzo ni dharura, si jambo la kuandika daftarini. Mzinga ambao wiki jana ulikuwa na shughuli na leo una nyuki wawili watatu wanaoingia bila chavua pengine umeshahamwa, na hao unaowaona wanakuja kukomba mabaki.

Hatua ya 6: Mzinga unapofunguliwa

Mwenyeji ndiye anayefungua, nawe ni macho tu. Kubaliana naye mapema juu ya ishara moja ya kurudi nyuma, kama vile kuinua mkono, kwa maana ndani ya kofia na kelele za nyuki maneno husikika vibaya.

Bomba la moshi huwashwa kwanza, na mfugaji mzuri hafungui chochote mpaka limeshika vizuri. Magunzi makavu, maranda ya mbao au kinyesi kikavu cha ng'ombe hutoa moshi mweupe, mzito na usiochoma. Plastiki, matambara yenye rangi na dizeli havifai hata kidogo. Mipulizo kadhaa hupelekwa mlangoni, kisha watu husubiri dakika chache. Moshi hufunika ile harufu ya kuitana, na pia huwafanya nyuki wengi waingie ndani kujaza matumbo asali kana kwamba wanajiandaa kuhama, na nyuki aliyeshiba hudunga kwa shida. Ukianza kunusa ndizi mbivu wakati hakuna ndizi, mwambie mwenyeji aongeze moshi, nawe urudi nyuma hatua kumi.

Utakachokiona ndani kinategemea aina ya mzinga. Mzinga wa gogo haufunguki kwa kukaguliwa. Masega yake yamegandishwa kwenye kuta na huonekana tu wakati wa kurina. Mzinga wa Langstroth, uliopewa hataza Marekani mwaka 1852, ni masanduku yaliyopangwa moja juu ya jingine yenye fremu zinazotoka, na siri yake ni kuachwa kwa nafasi ya kati ya milimita 6 na 9 kila mahali: ikipungua nyuki huziba kwa gundi yao, ikizidi hujenga sega. Wa tatu ni mzinga wa Kenya wenye vibao vya juu, maarufu kama KTBH, ambao ulibuniwa katika miaka ya 1970 kwa ushirikiano na wataalamu wa Kanada. Huo ni sanduku refu lenye kuta zilizolala mshazari, na juu yake vimepangwa vibao ambavyo nyuki huning'iniza masega yao. Kwa anayeanza hapa Nairobi ninaupendelea huu wa tatu, kwa sababu kibao kimoja tu huinuliwa kwa wakati mmoja na vingine hubaki vimefunika, ilhali Langstroth ukiondolewa kifuniko huwaweka wazi nyuki wote kwa mara moja, na nyuki wetu hawasamehe uwazi huo.

Hapa chukua futi yako ya kupimia na uombe ruhusa ya kupima upana wa kibao kimoja kisichotumika. Kwa nyuki wa Kiafrika upana unaofaa ni milimita 32, kwa kuwa huo ndio umbali wanaouacha wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Nyuki wa Ulaya huacha milimita 35. Seremala asiyejua hukata vibao kwa makadirio, nyuki hujenga masega yakivuka kibao kimoja hadi kingine, na mzinga wa kisasa hugeuka kuwa gogo la bei ghali. Kipimo hiki kimoja kinatosha kulipia nauli ya ziara nzima.

Mwenyeji atagonga vibao taratibu ili kusikia kisicho na sega, kwani hutoa mlio wa utupu, na ataanzia hapo. Atakapoinua kibao chenye sega, angalia mikono yake: sega lisilo na fremu hushikwa wima daima, na likihitaji kugeuzwa huzungushwa kama ukurasa, bila kulazwa, kwani nta changa yenye asali hukatika na kudondoka pamoja na mamia ya nyuki. Masega ya karibu na mlango kwa kawaida ndiyo ya majana, na ya mbali ndiyo ya asali.

Soma sega la majana kuanzia katikati. Mayai ni kama vipunje vyembamba vyeupe vilivyosimama chini ya vyumba. Baada ya siku 3 huwa mabuu meupe yaliyojikunja, kisha vyumba hufunikwa kwa nta ya rangi ya kahawia. Katika vitabu nyuki kibarua huchukua siku 21 tangu yai hadi kutoka, malkia 16 na dume 24, na nyuki wetu huwa wepesi kidogo kuliko hesabu hiyo. Vifuniko vilivyo bapa ni vya vibarua, vilivyovimba ni vya madume, na chumba kinachoning'inia chenye umbo la ganda la karanga ni cha malkia mtarajiwa. Kuzunguka majana kuna ukanda wa chavua, na nje yake asali. Majana yakiwa yametandazwa pamoja bila mapengo mengi, malkia ana nguvu. Yakiwa yametawanyika, muulize mwenyeji anafikiri kuna nini. Utando mweupe kama wa buibui ni kazi ya viwavi wa nondo wa nta, na hao hushamiri pale ambapo kundi limedhoofika.

Usimtafute malkia. Kila mgeni hutaka kumwona, na kila dakika inayopotea kumtafuta ni dakika ya mzinga kukaa wazi. Ukiona mayai, unajua alikuwapo ndani ya siku 3 zilizopita, na hiyo ndiyo habari unayoihitaji. Ukaguzi wote usizidi dakika 20. Picha zipigwe bila mwako wa taa na kwa ruhusa ya mwenyeji, na zisionyeshe mahali mizinga ilipo, kwani wezi wa asali nao wana simu.

Hatua ya 7: Ukidungwa

Ukwangue mwiba mara moja kwa ukucha au kwa kifaa cha mfugaji. Mwiba una vishikizo na hubaki kwenye ngozi pamoja na mfuko wake, ambao huendelea kusukuma sumu, kwa hiyo wepesi una maana kuliko ustadi. Usipige kofi wala kurusha mikono. Omba mahali hapo papulizwe moshi ili harufu isiwaite wengine, kisha uondoke kwa mwendo wa kawaida.

Wakija wengi, mambo hubadilika: funika uso, kimbia bila kusimama uingie ndani ya nyumba au gari lililofungwa, hata kama wachache wataingia nawe. Usijitumbukize majini, kwa sababu watakungoja juu. Maumivu na uvimbe wa mahali palipodungwa ni kawaida. Kukosa pumzi, kuvimba midomo au ulimi, vipele vya mwili mzima, kutapika au kizunguzungu si kawaida, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, anakohitaji sindano ya adrenalini wala si maziwa na vitunguu. Aliyedungwa mara nyingi sana apelekwe pia, hata kama hana mzio, kwa kuwa sumu yenyewe ikizidi hudhuru.

Hatua ya 8: Maswali ya kuuliza mkishavua ovaroli

Chai ikishaletwa, mwombe mwenyeji akueleze nyuki wake walitoka wapi. Katika nchi za Ulaya watu hununua kundi likiwa ndani ya sanduku. Hapa wengi hupaka nta ndani ya mzinga mtupu, wengine huongeza mchaichai, wakautundika mahali pa juu na kungoja kundi linalohama lijiingize. Jua alingoja muda gani, miezi gani ya mwaka, na mzinga ulikuwa kwenye mti au nguzo.

Kisha uliza swali ambalo majibu yake yana thamani kuliko yote: ni mara ngapi nyuki wamemhama, na anadhani ni kwa nini. Nyuki wa Kiafrika hawakai mahali pasipowafaa. Njaa ya kiangazi, siafu, jua kali linalopiga mzinga mchana kutwa, ukosefu wa maji, kufunguliwa mara kwa mara au kuriniwa asali yote, lolote kati ya hayo linatosha kuwafanya waondoke wote na kuacha masega matupu. Mfugaji anayesema hajawahi kuhamwa ama ameanza juzi ama hakuambii yote. Anayeorodhesha makundi aliyoyapoteza na sababu zake ndiye mwalimu. Muulize pia anaacha asali kiasi gani anaporina, na kama amepaka grisi kwenye nyaya zinazoning'iniza mizinga ili siafu wasipite.

Kuhusu magonjwa, utitiri wa varoa ulithibitishwa nchini Kenya mwaka 2009, na umeenea. Hata hivyo makundi yetu yameonekana kuustahimili vyema kuliko yale ya Ulaya na Marekani, na wafugaji wengi hapa hawaweki dawa yoyote mzingani. Ukishauriwa na mtu kununua dawa kwa sababu ameisoma katika mwongozo wa kigeni, mkumbuke mwenyeji wako. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani kina maabara inayochunguza afya ya nyuki, na huko ndiko swali la ugonjwa usioeleweka linakopaswa kupelekwa.

La mwisho ni majirani, na hapa nina msimamo. Ploti ya futi 50 kwa 100, iliyo kawaida ya mitaa mingi ya Nairobi, haitoshi kufugia nyuki wanaodunga, hata ukiwa na ukuta. Mwambie mwenyeji akupeleke uone umbali kati ya mizinga yake na nyumba ya karibu, njia ya watu na zizi, na kama kuna ua mrefu wa kayaba au vichaka vinavyowalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa vya watu. Tazama pia maji wanayokunywa yako wapi, kwani wasipowekewa beseni lenye mawe ya kutulia watakwenda kwenye bomba la jirani. Mwenye ploti ndogo ana njia mbili: aombe pembe ya shamba la ndugu huko Kajiado, Machakos au kijijini kwao, au ajifunze kufuga nyuki wadogo wasiodunga, ambao huhifadhi asali yao yenye uchachu katika vijichungu vya nta na hukaa hata ukutani pa nyumba bila kumdhuru mtu.

Hatua ya 9: Kuondoka

Ukiuziwa asali, nunua bila kuomba punguzo, kwani umefundishwa bure. Uliza tu kama ilirinwa masega yakiwa yamefunikwa sehemu kubwa. Asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20, na iliyorinwa mbichi huchacha. Vipimo vya mitaani vya kijiti cha kiberiti na glasi ya maji havithibitishi chochote, na asali iliyoganda haimaanishi kuwa imetiwa sukari. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote.

Kabla ya kupanda matatu, vua ovaroli mbali na mizinga, uikung'ute, na umwombe mwenzako akague mgongo wako, kola na mikunjo ya suruali. Nguo zioshwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa harufu ya miiba hubaki ndani yake na kumponza atakayezivaa kesho.

Ziara ya pili omba iwe katika msimu mgumu, mwezi Julai wakati wa mawingu au Februari wakati wa ukavu, na uutazame mzinga ule ule mliofungua. Beba daftari uliloandika katika ziara ya kwanza, ulinganishe chavua inayoingia, idadi ya masega na uzito wa asali iliyobaki, kisha amua kama utamwendea seremala na vile vipimo vya milimita 32.